Lijamu ya Radi: Kurasa za Daftari

Jumatano, 11 Juni 2025

Radi ameletwa Karen leo asubuhi kutoka Ngong. Ana miaka sita, rangi ya kahawia iliyokoza, miguu myembamba ya farasi wa mbio, na macho yasiyopitwa na kitu. Ameacha mashindano ya mbio akiwa mzima wa miguu, jambo la kumshukuru Mungu. Mwenye farasi ni mama wa mwanafunzi wangu. Wanataka aruke viunzi vya mita moja.

Pamoja naye limekuja sanduku la lijamu zilizonunuliwa hapa na pale. Kuna ya pete mbili zinazozunguka, yenye kiungo kimoja katikati. Kuna ya pete tatu zilizopangwa wima. Kuna ya mikono mirefu na mnyororo wa kidevuni. Kuna pia moja nyembamba, ya chuma kilichosokotwa. Nimezipanga mezani, nikazitazama, nikazirudisha sandukuni. Hakuna atakayemvalisha hata moja kabla daktari hajamwangalia meno.

Naandika swali nitakalolifuata katika kurasa hizi: ni lijamu gani itakayomwezesha farasi huyu kuruka bila kuuogopa mkono ulio nyuma yake? Watu wengi huuliza ni ipi itakayomsimamisha. Anayeanza na swali hilo huishia kwenye chuma kikali zaidi kila mwaka.

Jumamosi, 14 Juni

Daktari amekuja. Radi alichomwa dawa ya kumtuliza, taya zikawekwa wazi kwa chombo, nikashika tochi.

Magego ya juu yamechongoka upande wa nje, yamekuwa yakimchubua mashavu kwa ndani. Mbele ya magego hayo kuna vijino viwili vidogo visivyo na kazi, kimoja kila upande, mahali hasa lijamu inapopita. Cha kushoto kimezungukwa na ufizi mwekundu. Daktari amevitoa vyote viwili na kuyasawazisha magego. Kwenye pembe ya mdomo, kushoto, kuna kovu la zamani.

Nilimwita mwanafunzi aje aone pengo. Farasi ana meno ya mbele ya kukatia majani, dume ana chonge pia, kisha panafuata nafasi tupu kabla ya magego. Hapo ndipo lijamu hukaa. Alitelezesha kidole taratibu pale penye pengo akashtuka: chini ya ufizi ni mfupa, tena wenye ukingo, na nyama iliyoufunika ni nyembamba mno. Nikamwonyesha ulimi pia. Umejaa kinywa chote, mpana, hauachi uwazi. Mtu anayedhani kuna chumba kitupu mle ndani, na kwamba chuma kinene kitapata pa kukaa, hajawahi kuinua mdomo wa farasi akatazama.

Ameagizwa apumzike mpaka ufizi ufunge. Tutamtembeza kwa kamba ya kichwani tu.

Alhamisi, 19 Juni

Mama amepiga simu. Amesikia kwamba huko kwenye uwanja wa mbio Radi alikuwa akimshinda mpandaji wa mazoezi. "Mwalimu, si tumwekee tu ile ya mnyororo tangu mwanzo? Naogopa, mwanangu ni mwepesi."

Hofu yake ni ya mzazi, naiheshimu. Nilimwomba aje azungumze na mzee wetu, saisi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mabanda ya mbio. Mzee alimweleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

"Mama, huyu hakufundishwa kwamba kuvutwa ni kusimama," alisema. "Kule mbioni, mpandaji akifupisha vigwe na kuviegemeza shingoni, farasi naye huegemea lijamu, akapata nguvu ya kwenda. Ukimvuta, anasikia unamwambia twende. Ukimvuta zaidi, anasikia twende zaidi."

Mama alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo tukimwekea kali?"

"Ataumia na bado atakwenda. Farasi hukimbia maumivu."

Hapo ndipo penye kiini cha kazi yetu na Radi. Lijamu ni chombo cha kupeleka ujumbe. Kama anayeupokea hajui maana yake, kuupaza hakumfundishi. Kwanza afundishwe kwamba mgongo wa mpandaji ukinyooka na kukaa imara, mwendo unapungua, na kwamba vigwe vikikazwa kidogo, hulegezwa mara tu anapoitika. Huko kulegeza ndiko kunakomfundisha.

Jumanne, 24 Juni

Mvua ya manyunyu, baridi kali. Hakuna kazi uwanjani, nimesoma.

Xenofoni, Mgiriki aliyeandika juu ya upandaji farasi katika karne ya nne kabla ya Kristo, alitaka mpandaji awe na lijamu zisizopungua mbili, moja laini na moja kali. Kali ilikuwa ya kumfanya farasi asiipende, kisha akipewa laini afurahie. Sikubaliani na njia hiyo. Ila mtu huyohuyo ndiye aliyefundisha kwamba farasi akitenda jambo kwa kulazimishwa, hutenda bila kulielewa wala kulipendezesha. Karne zaidi ya ishirini na tatu zimepita na bado tunalijadili hilo kila Jumamosi kando ya uwanja.

Kisha Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la wapanda farasi la Italia, aliyezaliwa 1868 na kufariki 1907. Kabla yake wapandaji walikuwa wakiegemea nyuma juu ya kiunzi na kukaza vigwe, wakiamini wanamsaidia farasi kutua. Caprilli aliwatazama farasi wakiruka wenyewe bila mtu, akaona wanavyonyoosha shingo na kuinamisha kichwa ili mgongo upinde. Akafundisha wapandaji wafupishe rikabu, waelekee mbele pamoja na farasi, na mkono ufuate mdomo. Mwaka 1902 huko Turin aliruka mita 2.08.

Nikiyaunganisha: mafundisho ya Caprilli ni kipimo cha lijamu pia. Lijamu yoyote inayomfanya farasi aogope kunyoosha shingo angani haifai kwa kuruka, hata kama ardhini inamtuliza.

Jumapili, 29 Juni

Ufizi umefunga vizuri. Leo nimepima.

Nimepitisha kijiti laini mdomoni pale lijamu itakapokaa, nikatia alama kila upande kwenye pembe za midomo, nikapima kwa rula: sentimita 12.5. Lijamu yenyewe inatakiwa izidi hapo kama nusu sentimita kila upande. Ikibana, pete zitamfinya midomo. Ikipwaya, itateleza kushoto na kulia, na kama ina kiungo katikati, kiungo kitahamia upande mmoja na kumchoma mahali ambapo hakikutakiwa kufika.

Unene. Wengi wetu tulilelewa na kanuni moja: nyembamba ni kali, nene ni pole. Nusu yake ni kweli, kwa kuwa chuma chembamba hukusanya nguvu ileile mahali padogo. Lakini utafiti uliofanywa Finland na kuchapishwa 2021 ulikagua vinywa vya farasi baada ya mashindano ya nyika. Zaidi ya nusu walikutwa na majeraha mapya sehemu ya lijamu, na majeraha makubwa yaliambatana zaidi na lijamu nyembamba sana na vilevile nene sana. Za katikati, milimita 14 hadi 17, zilikuwa na nafuu. Nikiukumbuka ule ulimi uliojaa kinywa, naelewa ni kwa nini. Nene hulazimisha nafasi isiyokuwepo.

Uamuzi wa leo: sentimita 13.5, unene wa milimita 15.

Ijumaa, 4 Julai

Mara ya kwanza Radi kuvaa lijamu hapa kwetu. Niliishika viganjani ipate joto kwanza, maana asubuhi za Julai chuma ni barafu.

Nimeanza na ya kiungo kimoja, pete zinazozunguka. Niliiazima yenye kipimo chake, ya sandukuni ilikuwa pana. Alitafuna mfululizo, akatupa kichwa kila vigwe vilipokazwa, akajaribu kupitisha ulimi juu yake. Lijamu ya kiungo kimoja hujikunja katikati vigwe vyote viwili vikivutwa, na ulimi hukandamizwa kutoka pande mbili. Hilary Clayton, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Michigan State, alitumia eksirei kuona lijamu inavyokaa ndani ya kinywa, na picha zake zinaonyesha jinsi ulimi unavyobeba sehemu kubwa ya mzigo. Radi alikuwa akituambia hivyohivyo kwa kichwa.

Baada ya mapumziko nikamvalisha ya viungo viwili, yenye punje laini katikati, na pete zisizozunguka. Punje hukaa juu ya ulimi kwa upole, na pete zilizotulia huifanya isichezecheze. Alitembea. Akatafuna kidogo, akaacha. Kwenye telki aliishusha shingo, povu jepesi likaonekana mdomoni. Mwanafunzi alisema, "Mwalimu, sasa nahisi kuna mtu upande wa pili."

Mzee alikuwa amesimama kwenye uzio. Akatikisa kichwa kukubali, bila kusema neno.

Jumatano, 9 Julai

Mwanafunzi ameuliza kwa nini lijamu ya mikono huitwa kali. Nimemchorea, nanakili hapa.

Lijamu ya pete mbili hupeleka nguvu moja kwa moja: mkono ukivuta kilo moja, kinywa hupata kilo moja. Yenye mikono ni wenzo. Tuseme mkono wa juu wa lijamu una sentimita 4 na wa chini sentimita 8. Kilo moja ya mvuto huko chini huzaa kama kilo mbili upande wa juu, zinazogawanywa kati ya mnyororo wa kidevu na mkanda wa utosini, na kinywa kilicho katikati hubeba jumla yake. Kosa dogo la mkono huongezeka kwa kiasi hichohicho.

Ile ya pete tatu isiyo na mnyororo ina tabia nyingine. Ukiivuta hupanda mdomoni na kukaza pembe za midomo huku ikibana utosi. Ubaya wake kwenye kuruka ni kuchelewa kuachia. Mkono umeshakwenda mbele, lakini lijamu bado haijarudi mahali pake, na farasi ameshaondoka ardhini.

Je, zina kazi? Ndiyo. Nimewaona wapandaji wenye mikono tulivu wakiruka viunzi virefu kwa lijamu ya wenzo, vigwe vikining'inia karibu muda wote, wakihitaji neno moja tu kabla ya kona. Kwao ni njia ya kunong'ona. Kwa mkono unaojishikilia kwenye vigwe ili usianguke, lijamu hiyohiyo ni adhabu kwa kila hatua. Ndiyo maana sikubali mtu aniulize lijamu ya farasi bila kuniambia nani anampanda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mpandaji halali kwenye kitanda hiki hata siku moja. Farasi ndiye anayekilalia.

Jumamosi, 12 Julai

Viunzi vya kwanza. Nguzo chini, kisha sentimita 50, kisha viwili mfululizo vyenye nafasi ya hatua moja katikati. Nimeviweka mita 7.2: hatua ya shoti ni kama mita 3.6, ukiongeza nusu hatua ya kutua na nusu hatua ya kuondoka. Hesabu hiyo ikikosewa, farasi ataruka vibaya na lijamu itasingiziwa.

Radi hana tatizo kabla ya kiunzi. Shida iko baada ya kutua. Anatua na kuondoka kama lango la mbio limefunguliwa. Mwanafunzi alivuta, Radi akaegemea, tukaliona somo la mzee kwa macho yetu.

Hapa ndipo wengi hufungua sanduku. Sisi tulibadilisha kazi. Baada ya kila kiunzi, duara kubwa, mpandaji ananyooka, anapumua nje, anakaza kigwe cha nje kidogo na kulegeza, kidogo na kulegeza, mpaka Radi arudi kwenye mwendo wa awali. Hapo anaachiwa vigwe na kupigwapigwa shingoni. Pia nimemfunga Radi mkanda mwembamba shingoni, mwanafunzi aushike anaporuka, ili akipoteza mizani asishike mdomo wa farasi. Kwa maoni yangu ukanda huo umeokoa vinywa vingi kuliko lijamu zote za bei ghali.

Kufikia mwisho wa somo duara lilikuwa limepungua nusu. Lijamu ni ileile.

Jumapili, 20 Julai

Maneno machache kuhusu mkanda wa pua, kwa sababu lijamu haifanyi kazi peke yake.

Mwanafunzi mwingine alikuja na farasi aliyefungwa mkanda mpaka kidole hakipiti. Aliambiwa hiyo ndiyo dawa ya farasi anayefungua kinywa. Lakini farasi hufungua kinywa ili akwepe kinachomuuma. Ukikifunga, umemnyima mlango wa kukwepa na maumivu yamebaki ndani. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, limeanza mwaka huu kutumia kifaa cha kupimia nafasi iliyopo chini ya mkanda juu ya mfupa wa pua. Hatua njema. Hapa kwetu tunatumia vidole viwili vya mtu mzima, juu ya mfupa, si pembeni penye nyama.

Radi anaruka na mkanda wa kawaida uliolegea. Hajafungua kinywa kukwepa tangu avalishwe lijamu hii.

Jumapili, 27 Julai

Mama ameuliza kama Radi angeweza kuruka bila lijamu kabisa. Swali zuri, na linaonyesha tumetoka mbali tangu Juni.

Inawezekana. Boomerang, farasi wa Eddie Macken wa Ireland, alishinda Derby ya Hickstead huko Uingereza miaka minne mfululizo, 1976 hadi 1979, akiwa amevaa hatamu ya hakamori, inayobana pua na kidevu bila chuma mdomoni. Lakini hakamori nayo ina mikono ya wenzo, na pua ya farasi ina mifupa myembamba. Ikikaa chini mno hubana sehemu laini anayopumulia. Kutokuwepo kwa chuma hakumaanishi upole. Nimemwambia Mama kwamba kama kovu la kushoto litamsumbua Radi siku za mbele, hiyo itakuwa njia ya kwanza nitakayoifikiria, na tutaanza na ya mikono mifupi kabisa. Kwa sasa anaikubali lijamu yake, hatuna sababu.

Nikamsimulia pia habari za Huaso ili apate moyo. Huaso alianza kama farasi wa mbio huko Chile, kwa jina la Faithful, na hakuvuma. Tarehe 5 Februari 1949, Viña del Mar, akiwa na Alberto Larraguibel mgongoni, aliruka mita 2.47. Hakuna aliyevuka kimo hicho mpaka leo. Farasi aliyeshindwa mbioni hajashindwa maisha.

Jumamosi, 2 Agosti

Radi ameruka mzunguko mzima wa sentimita 90, viunzi vinane, kimoja kikiwa cha upana. Aliharakisha baada ya kile cha tatu, mwanafunzi akanyooka, akasubiri, akaachia. Radi akarudi. Juu ya kiunzi cha upana alinyoosha shingo mpaka vigwe vikafika mwisho, na mkono ukamfuata. Mzee alisema, "Huyo sasa anaamini."

Baadaye mwanafunzi aliomba nimwandikie utaratibu, kwa kuwa binamu yake ana farasi Nanyuki anayetupa kichwa. Nimemwandikia hivi:

Muite daktari wa meno kabla ya fundi wa lijamu, na umuite tena kila baada ya miezi sita hadi mwaka. Angalia mgongo na tandiko. Farasi anayeumwa mgongo hukimbia pia. Pima upana wa kinywa na utazame ulimi. Anza na lijamu ya pete mbili, laini, ya unene wa kati. Ukibadilisha, jaribu moja kwa wakati, kwenye kazi ya chini kwanza, na umpe farasi siku kadhaa aseme. Mdomo uliotulia, shingo inayoshuka na povu jepesi ni ndiyo. Kichwa kinachorushwa, ulimi unaotoka na taya lililokazwa ni hapana. Kisha muulize mwalimu wako kuhusu mikono yako, ukubali atakachokuambia. Ukishapita yote hayo na farasi bado anahitaji lijamu yenye nguvu zaidi, itumie na mtu anayejua kuachia.

Sanduku nimemrudishia Mama. Ile iliyosokotwa nimemwomba ruhusa ya kuitupa, naye amekubali. Wiki ijayo tunapandisha hadi mita moja, kwa lijamu hiihii. Akihitaji kingine, kinywa chake kitatuambia, na mimi nitakisikiliza kabla ya mtu yeyote.